Koja Juu ya Injini ya Mtumba

Gari la Lamduan lilianza kugonga Jumamosi asubuhi, siku ambayo watu wa mjini huenda bwawani kula kuku wa kuchoma kwenye banda lake, na mtu ambaye kazi yake ni kusikia vitu kama hivyo alikuwa amekaa mlangoni, anachovya tonge la wali wa kunata kwenye pilipili na kujifanya kiziwi.

"Baba Fon," Lamduan aliita akiwa kwenye usukani, "gari linagonga."

"Linakuaga."

"Linaniaga vipi na mimi nimo ndani? Njoo usikilize."

Alikwenda, mdomo ukiwa bado na kazi. Huyu ndiye Fundi Kop, mumewe. Jina alipewa na mama yake na maana yake ni chura, kwa sababu siku aliyozaliwa, inasemekana, mdomo ulitangulia na mtoto akafuata. Mwenyewe alikuwa akiwaambia wateja kwamba mama hakukosea kitu, ila alifanya haraka. Angengoja miaka hamsini aone na tumbo, angetafuta mnyama mkubwa zaidi. Gereji yake ilikuwa uani kwake, kando ya barabara ya bwawani, huko Isani, bara ndani kabisa, ambako bahari ni picha ya kwenye kalenda. Alikuwa amefufua magari ya wilaya nzima. La mkewe ndilo lililosubiri siku zote, maana huyo mteja hana pa kukimbilia.

Lilikuwa gari dogo la Kijapani, jeupe lililogeuka rangi ya chai ya maziwa, walilolinunua mwaka aliozaliwa binti yao Fon. Na Fon sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Bangkok na kupiga simu Jumapili. Kwenye kioo cha ndani kulining'inia koja la asumini, bichi, la asubuhi hiyo. Kila gari katika nchi ile lina Bibi wake, roho inayolilinda, na Bibi hupewa maua, husalimiwa kwa viganja vilivyounganishwa kabla ya safari, na hapendi watu wanaopiga matairi mateke. Lamduan alimsalimia kila siku. Kop alimsalimia siku za safari ndefu na siku za polisi barabarani.

Aliinama kwenye boneti. Ko, ko, ko. Haikuwa ile chakachaka ya valvu zilizolegea, wala ule mpigo mzito wa krenki iliyokwisha. Ilikuwa kama mtu anayegonga ubao kwa kifundo cha kidole, kwa adabu, kwenye nyumba anayojua ina mgonjwa.

"Petroli mbaya," alisema Kop, akarudi kwenye pilipili yake.

Gari lilipotoka getini mlio ukakatika. Jioni Lamduan alimwambia kwamba njia nzima, kwenda na kurudi, injini ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Na wakati anasema hayo gari lilikuwa nyuma yake uani, bado linanguruma, na mlio umekwisha kurudi: ko, ko, ko.

Wiki ile Kop alifanya yote anayoyafanya fundi anayejua kazi. Alimwaga petroli akaweka nyingine. Akarudisha taimingi nyuma kidogo, maana cheche ikiwahi, injini hugonga. Akabadilisha oili akaweka nzito. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma cha injini, mpini kwenye sikio, akaitembeza silinda kwa silinda kama daktari kwenye mgongo wa mgonjwa. Mlio ulikuwa kila mahali na haukuwa mahali popote.

Mwisho akaiendea kanuni yake kuu, ile aliyowahubiria wateja mpaka wakachoka: ondoa kimoja kimoja. Chomoa waya wa plagi ya kwanza, sikiliza; urudishe, chomoa wa pili, sikiliza. Silinda yenye kosa ukiinyima moto, mlio hupungua, na hapo umemshika mwizi. Kitu ambacho ukikiondoa mlio unabadilika, ndicho chenye kosa; Kop aliliamini hilo kuliko alivyoamini mahubiri ya watawa. Akachomoa waya mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Kila mara injini ilitikisika na kukohoa kama inavyopaswa. Mlio haukujali. Na alipozima gari kabisa, uligonga tena kidogo, polepole, kama mtu aliyeanza kukata tamaa.

Chuma kinapoa, Kop alijiambia. Nywele za mikono zilikuwa zimemsimama, akazilaza kwa tambara la oili.

Aligundua pia kwamba ukiliegesha gari karibu na kona ya nyuma ya ua, mlio unapanda. Akamweleza mkewe kwamba huo ni mwangwi wa mabati.

Kwenye kona hiyo, chini ya turubai la buluu, kulikuwa na injini ya mtumba iliyoshushwa Ijumaa, siku moja kabla ya haya yote kuanza. Ilitoka kwenye zile yadi za bandarini ambako injini za magari yaliyofia Japani zimerundikwa kama maboga. Mwalimu mmoja aliiagiza kwa ajili ya gari lake, kisha akahamishiwa kusini na hakupokea simu tena. Ilikuwa ukoo mmoja na injini ya Lamduan, bolti kwa bolti. Kop aliitazama wiki nzima jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya wageni waliochelewa, na mwisho wa wiki akatoa hukumu: injini ya mke wake imekwisha, mgongo umekwenda, dawa ni kuing'oa na kuweka ile.

"Umeifungua ukaona?" Lamduan aliuliza.

"Daktari mzuri hapasui kila tumbo."

"Haya, daktari. Basi mwambie Bibi kwanza. Usimbomolee nyumba bila kumwambia."

"Kwani anakaa kwenye injini au kwenye bodi?"

"Sijui. Ndiyo maana unamwambia."

Akamtaka pia aahidi kwamba injini mpya ikifika mahali pake atampokea Bibi vizuri, kwa koja na ubani na soda nyekundu, na si kwa utani. Kop aliahidi. Alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa maishani, naye ni mwanamke huyu, ambaye alimpenda tangu siku alipomwona akitupa ndala zake mlangoni pa hekalu, moja huku na nyingine kule, kama mtu asiye na mpango wa kuondoka. Mpaka leo alizitupa hivyohivyo, na kila asubuhi Kop aliinama na tumbo lake lote kumtafutia ya pili.

Kazi aliifanya peke yake, mkewe akiwa ameenda bwawani kwa gari la dada yake. Ruhusa aliiomba, ila aliiomba spana ikiwa mdomoni: "Bibi, samahani, tunabadilisha jiko." Injini ya zamani ilipopanda kwenye mnyororo, uzi wa koja kwenye kioo ukakatika wenyewe na maua yakamwagika kwenye kiti. Kop aliyaokota akayatia kwenye kopo la misumari. Injini ya zamani akaiburuta mpaka kona ya nyuma, akaifunika kwa turubai lile lile.

Ile ya mtumba aliisafisha. Kwenye njia za maji alikuta ukoko mweupe, akauonja kwa ulimi, kwa maana mafundi huonja kila kitu na ndiyo sababu hawaishi sana. Chumvi. Kulikuwa na kombe la baharini pia, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga, ndani kabisa, mahali ambapo kombe halina njia ya kufika. Alimrushia kuku wa uani. Kuku alilitazama, akaondoka kwa hatua ndefu. Upepo wa bandarini, alijiambia Kop, huleta kila takataka.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu. Injini ilikuwa ikining'inia kwenye mnyororo juu ya mdomo wa gari. Kop alikumbuka ahadi, akajua mkewe atamuuliza, na uso wake haukuwahi kumfichia uongo. Akaivisha injini koja bichi la asumini, akawasha ubani, akaweka chini chupa ya soda nyekundu na mrija ndani yake. Akaunganisha viganja vyenye grisi. Aliona haya mwanzoni, lakini mdomo mpana ukishafunguliwa una mwendo wake.

"Wewe unayekaa humu, karibu," alisema. "Gari ni lako. Nyumba ni yako. Umtunze mke wangu, na uende naye kila aendako."

Hakukuwa na upepo. Soda ilipungua kwenye chupa, taratibu, kiasi cha mnywaji mwenye haya, ikasimama. Kop alimlaumu nyuki, ingawa hakumwona.

Gari lilitembea kimya kuliko siku liliponunuliwa. Hakuna mlio, uani wala barabarani. Kop alitembea siku mbili tatu akiwa ametanguliza tumbo, na Lamduan alimsifia mbele ya dada yake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mafuriko ya zamani.

Kisha vioo vya gari vikaanza kufunga ukungu kwa ndani. Ulikuwa msimu wa joto, ardhi imepasuka, mbwa wanalala ndani ya matairi yaliyotupwa kutafuta kivuli. Lakini kila asubuhi vioo vilikuwa vimelowa, na ukipitisha kidole kisha ukakiramba unapata chumvi. Harufu ikaja baadaye. Kop aliijua kwa sababu aliwahi kwenda bandarini: majani ya baharini, kamba zilizooza, maji yaliyolala. Lamduan, ambaye hakuwahi kuiona bahari, aliivuta kwa pua na kusema ni harufu nzuri, inamkumbusha nyumbani. Kop alicheka peke yake. Nyumbani kwa Lamduan kulikuwa na nyati na vumbi.

Wateja wa bandani wakaanza kurudisha kuku. Wamezidi chumvi, walisema, halafu wanakunywa maji na kurudisha hata kipande cha pili. Nywele za Lamduan zikawa na unyevu muda wote. Fon alipiga simu Jumapili, na baada ya kuongea na mama yake akaomba kuongea na baba.

"Mama ameniuliza bahari iko mbali gani na chumba changu," alisema Fon. "Mnakuja? Na huyo anayepumua karibu na simu ni nani?"

Kop aligeuka. Chumba kilikuwa na yeye na mkewe, na mkewe alikuwa upande wa pili, anatazama gari kupitia dirishani.

Lakini kilichomtoa Kop usingizi ni ndala. Asubuhi moja aliinama kutafuta ya pili, na ya pili ilikuwa pale, ubavuni mwa ya kwanza, zimepangwa sawasawa kama za dukani, vidole vikielekea nje. Kesho yake vilevile. Akamtania mkewe kwamba ameoa mke mpya. Lamduan alitabasamu kwa heshima, kama mtu aliyetambulishwa kwake dakika hiyo.

Na kwenye kona ya nyuma, chini ya turubai, injini ya zamani, isiyo na oili, isiyo na petroli, isiyo na betri, ikaanza kugonga mchana kweupe. Ko, ko, ko. Kop alikuwa amelala chini ya pikapu ya mteja. Aliongeza sauti ya redio. Mlio nao ukaongeza.

Siku ya mawingu mazito, jioni ya mapema, dada yake Lamduan alipiga simu kuuliza kama mdogo wake amefika nyumbani, maana alifunga banda saa nyingi na hakuaga mtu. Kop hakuuliza swali la pili. Alichukua pikipiki ya mteja iliyokuwa haina breki ya nyuma, akaiendesha kwenye barabara ya bwawani huku tone la kwanza la mvua likimpiga usoni, akapita mabanda yaliyofungwa na viti vilivyogeuzwa miguu juu, akafika kwenye mteremko wa saruji wanakoshushia boti, na hapo kwanza aliona ndala, zimepangwa pamoja ukingoni, vidole vikielekea majini, halafu akaliona gari.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshaingia. Taa zinawaka chini ya maji. Injini inazunguka, laini, bila mlio, na gari linateremka si kwa kuserereka bali kwa hatua, kidogo, linasimama, kidogo tena, kama mtu anayeyapima maji kwa vidole vya miguu, na Lamduan amekaa kwenye usukani viganja vimeunganishwa kifuani, nywele zinamchuruzika, na kwenye kiti cha nyuma, ambako hapakuwa na mtu, mto wa kiti ulikuwa umebonyea.

Kop aliingia majini mpaka kiunoni, akafungua mlango, akamvuta mkewe, na mkewe alikuwa mzito, mzito kuliko mwili wake, kama mtu aliyeshikwa mkono wa pili na mwingine asiyetaka kuuachia. Akamwita jina lake, akamwita mama Fon, akamwita kwa majina ya ujana wao ambayo hayaandikiki, mpaka kitu kikalegea na wote wawili wakaanguka kwenye saruji. Na gari likaendelea kuteremka, na yeye, kwa kuwa ni fundi na fundi hajui njia nyingine ya kusali, akarudi, akachomoa ufunguo, injini ikaendelea, akafungua boneti, akachomoa waya wa plagi ya kwanza, ikaendelea, wa pili, ikaendelea, wa tatu, wa nne, akazishika nyaya zote mkononi kama mashina ya mboga aliyoyang'oa shambani, na injini isiyo na moto hata kwenye silinda moja iliendelea kuzunguka mbele ya macho yake, taratibu, kwa raha, na ndani yake, kwa mbali, kitu kilikuwa kinahema.

Kisha ikazima yenyewe. Kilichobaki ni mvua.

Mzee Thongdam alifika kesho yake asubuhi na lori lake la barafu. Alikuwa mtawa nusu ya maisha yake na muuza barafu nusu iliyobaki, na wenye matatizo ya pepo walimwita katikati ya safari mbili za barafu, akaja, mzigo ukiyeyuka na yeye akilalamika. Alimtazama Lamduan aliyelala ndani kwa shuka tatu, akamfunga uzi mweupe wa kinga mkononi. Gari, lililovutwa usiku kwa trekta, hakulitazama sana. Alikwenda moja kwa moja kwenye turubai.

Ko, ko, ko.

Mzee alichuchumaa, akagonga chuma kwa kifundo chake cha kidole, polepole. Mlio ukanyamaza.

"Mfungue huyu," alisema kwa sauti ya chini.

Kop aliipindua injini ya zamani, akafungua sampu, lile bakuli la oili la chini, akafungua beringi za krenki moja baada ya nyingine. Alitegemea kuona shaba, mikwaruzo, chuma kilichopinda. Zilikuwa safi. Zilimeta kama kijiko cha harusi. Hapakuwa na kitu ndani ya injini ile ambacho kingeweza kugonga. Kop alikaa chini kwenye oili.

"Mlio ulianza lini?" Mzee aliuliza.

"Jumamosi."

"Na ile nyingine ililetwa lini?"

"Ijumaa," Kop alinong'ona.

"Mbwa wako anabweka kwa sababu kuna mtu uani. Wewe unamng'oa mbwa, unamtupa kwenye kona, halafu yule mtu unampa kitanda." Mzee alipangusa mikono. "Bibi wako huyu hapa, nje ya nyumba yake, tangu siku ile anakugongea. Yule mwingine alikufa majini na gari lake, anataka maji, na hataki kwenda peke yake. Ulimwambia nini ulipomvisha koja?"

"Nilimkaribisha. Nilimwambia gari ni lake, nyumba ni yake."

"Na nini tena?"

Kop alikumbuka. Lakini yale maneno ya mwisho yalimhusu mkewe, laini mno kumwambia muuza barafu, na hata Lamduan mwenyewe hakuwahi kuambiwa maneno laini kiasi hicho. "Basi, ndiyo hayo," alisema.

Mzee alimtazama. "Kila neno ulilompa, umnyang'anye kwa mdomo huohuo, kwa sauti. Ukibakisha moja, atalikalia."

Waliifunga upya injini ya zamani siku hiyohiyo. Safari hii Kop alipiga magoti, hakuwa na spana mdomoni, na alimwambia Bibi wa Gari kwamba yeye ni mjinga, jambo ambalo Bibi huenda alikuwa analijua. Gari liliwaka kwa mguso wa kwanza. Kimya. Injini ya mtumba ilikuwa imeshapakiwa kwenye lori, imezungushwa uzi mweupe na kuzikwa katikati ya vipande vya barafu, na wakaondoka nayo kuelekea bahari, safari ya kutwa, Mzee akiendesha na Kop akitazama nyuma kupitia kidirisha. Barafu haikuyeyuka njia nzima.

Kwenye gati la wavuvi waliishusha kwa ubao. Watu walikusanyika. Kijana mmoja alitoa simu kumrekodi huyu mnene aliyesimama mbele ya injini iliyochakaa na viganja vimeunganishwa. Mzee alikuwa amebaki kwenye lori akiushikilia uzi.

"Gari si lako tena," Kop alisema, masikio yakimwaka moto. "Nyumba si yako tena. Rudi kwenu." Wavuvi walicheka. Yaliyobaki yalimfika kooni, akaitazama simu ya yule kijana, akayameza, akasukuma ubao kwa mguu. Injini ilizama bila povu.

Mzee alishauri Lamduan asilipande gari lile mpaka mfungo wa mvua, ile miezi mitatu ambayo watawa hawatoki hekaluni, uishe, mwili upate kutulia, naye akawa anakwenda bwawani na dada yake. Alipona vizuri. Alimtukana mumewe kwa kuchafua mapazia. Kuku wakarudi kwenye chumvi yao. Na asubuhi moja Kop alitoka mlangoni akakuta ndala moja kwenye ngazi na nyingine karibu na banda la kuku, akasimama pale kwa muda mrefu akiwa ameikumbatia ile ya pili kama mwehu. Gari aliliendesha yeye, sokoni, hekaluni, uani, karibu na kona na mbali na kona. Halikugonga hata mara moja. Alimwambia kila mtu kwamba ni injini bora kuliko zote alizowahi kung'oa bila sababu.

Mfungo uliisha. Asubuhi ilikuwa nzuri, ardhi imenyeshewa, hekalu linapiga kengele. Kop aliliwasha gari akaliacha lipate joto, kimya kama maziwa. Wakapakia kapu la kuku na mkaa na mwamvuli. Lamduan alitundika koja jipya kwenye kioo, akazunguka, akaingia upande wa abiria, akafunga mlango.

Ko, ko, ko.

Kop alibaki na mikono kwenye usukani.

"Kuna nini?" Lamduan aliuliza.

"Hebu shuka kidogo, mama Fon, nichukulie maji."

Alishuka. Kimya. Akarudi na chupa, akakaa. Ko, ko, ko, na sasa kwa haraka, kwa kifundo cha kidole kinachokaribia kuchubuka.

Basi Kop alifanya kile alichojua kukifanya. Aliondoa kimoja kimoja. Alishusha kapu la kuku, akasikiliza. Akashusha mkaa, akasikiliza. Akashusha mwamvuli. Akazima redio ambayo haikuwa imewashwa. Kila alichokiweka chini alikiweka taratibu, ili kisiishe, kwa sababu aliona vizuri vilivyobaki ndani ya gari vilikuwa vingapi, na maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamrudia kwa sauti yake mwenyewe, laini, na uende naye kila aendako, yale ambayo hakuwa ameyachukua.

Aliyatamka sasa, midomo ikigusana kwa shida: usiende naye, usiende naye popote. Lakini injini aliyoipa maneno ilikuwa chini ya bahari, na hakujua tena anamwambia nani.

"Umepata, Baba Fon?" Lamduan aliuliza kutoka ndani. Sauti ilikuwa yake, ile ile, na hapo ndipo palipomtisha. "Ni nini kinachogonga?"

Kop alitazama chini. Kando ya mlango wa abiria, kwenye udongo uliolowa, ndala za Lamduan zilikuwa zimepangwa pamoja, sawasawa kama za dukani, vidole vikielekea getini.

Angeweza kumwacha pale na kukimbia. Wazo lilimjia, akaliona, likapita. Alizunguka gari, akakaa kwenye usukani kando ya mkewe, akachukua mkono wake, na mkono ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Petroli mbaya," alisema.

"Basi twende," alisema Lamduan, akavuta harufu ya asubuhi kwa pua. "Leo tupite ile njia ya majini."

Na Bibi, chini ya boneti, hakuacha kugonga.